Mjane na Deni la Mumewe

Somo: 2 Wafalme 4:1–7



Mume wa mjane huyu alikuwa mcha Mungu, mmoja wa jamaa ya manabii. Hata hivyo alikufa akidaiwa, na mwenye kumdai akaja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Tuliangalie jambo hili vema. Ucha Mungu wa baba haukulipa deni, na waliotakiwa kulilipa ni watoto ambao hawakukopa.

Hapa Zinga wengi wetu hatuna mshahara wa mwezi. Mvuvi wa dagaa hupata usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, taa zake hazimfai kitu. Mwenye minazi hungoja siku ya kuangua, na mwenye miembe hungoja msimu. Basi siku fedha zinapoingia huonekana nyingi, nasi husahau kwamba ni chakula cha siku nyingi zilizo mbele. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Msimu ukiisha, mkono huenda kwenye simu. Siku hizi mkopo hupatikana kabla chai haijapoa, na watu wenyewe wameipa mikopo ya namna hii jina la kausha damu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizofanya kazi bila leseni. Lakini hata tusipotaja jina la mkopeshaji, hesabu inajieleza. Tuseme umekopa shilingi 100,000 kwa riba ya shilingi 30,000 kila mwezi, na kila mwezi unaweza kulipa riba tu. Baada ya miezi minne umetoa shilingi 120,000, na zile 100,000 bado zinakungoja.

Elisha alifanyaje? Hakumkemea mjane, wala hakumpa fedha. Alimwuliza nyumbani mwake mna nini. Palikuwa na chupa ya mafuta, basi. Akamtuma kwa majirani kuazima vyombo vitupu. Aliazima kitu cha kufanyia kazi, si kitu cha kula. Na mafuta yalipojaa vyombo, nabii akampa utaratibu: auze, alipe deni, ndipo yeye na wanawe waishi kwa kinachosalia. Mungu alitenda muujiza, lakini hata fedha za muujiza zililipa deni kwanza.

Sisi mara nyingi tunageuza utaratibu huo. Mtoto akipata Kipaimara, baba anakopa kwa ajili ya turubai, muziki na sare za familia. Ndugu zangu, Kipaimara ni Askofu kumwekea mtoto mikono na Roho Mtakatifu kumtia nguvu. Wali wa nyumbani na chai vyatosha kuwashukuru wageni. Wageni wataondoka jioni; mwenye kudai atakuja mwisho wa mwezi, na huenda ada ya mtoto yule yule ndiyo itakayomlipa.

Kwa hiyo nawasihi, mume na mke wakae pamoja juma hili na daftari moja. Waandike kilichoingia na kilichotoka, hata vocha na soda. Waandike na madeni yote, bila kufichana. Kisha fedha zikija, watenge sadaka, deni, chakula cha nyumba na akiba ya siku za mbalamwezi, kabla ya jambo lingine lolote.

Na aliyekwisha kuzama katika deni asione haya. Mjane yule hakujifungia ndani, alikwenda akasema. Naye aje aseme kwa padre au kwa mzee wa kanisa anayemwamini. Na sisi tulio majirani, tukiombwa chombo cha kufanyia kazi, iwe jembe, wavu au sufuria ya kupikia maandazi, tusimnyime.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu. Amina.