Atoaye Amri na Awe wa Kwanza Kuitii

 

Ndugu zetu Waislamu, katika kikao chetu tumeisoma tena khabari ya mshauri mmoja wa siasa wa Uingereza, tukaona ina mafunzo ambayo hayafai kutupita. Hatuisimulii ili tumcheke mtu wa mbali, bali tuitazame kama mtu atazamavyo kioo.

Tarehe 23 Machi 2020, Waziri Mkuu Boris Johnson aliwaamrisha watu wa nchi yake wakae majumbani kwa sababu ya maradhi ya korona. Mwenye dalili za maradhi asitoke kabisa, yeye na watu wa nyumba yake. Siku nne baadaye Dominic Cummings, mshauri mkuu wa Waziri huyo, alimpakia katika motokaa mkewe aliyekuwa hajiwezi na mtoto wao wa miaka minne, akaenda maili 260 hivi kutoka London mpaka Durham, kwenye shamba la wazee wake. Tarehe 12 Aprili akaenda tena mwendo wa nusu saa hivi mpaka mji wa Barnard Castle, naye alieleza baadaye kuwa alitaka kujaribu macho yake kabla ya safari ndefu ya kurudi.

Khabari hizi zilitoka magazetini tarehe 22 Mei, katika siku za mwisho za Ramadhani. Na kumbukeni Ramadhani ile ilikuwaje! Misikiti ya Uingereza ilifungwa, na Waislamu wa kule walisali Idi majumbani tarehe 24 Mei. Walikuwako waliozika watu wao bila ya jamaa wa karibu kuwapo makaburini. Sisi pia hapa Mombasa tuliyaonja hayo, kwani misikiti yetu ilifungwa, na tangu tarehe 6 Mei Mji wa Kale ulizuiliwa watu kuingia na kutoka. Basi siku ya pili ya Mfunguo Mosi, tarehe 25 Mei, mshauri huyo aliketi katika bustani ya nyumba ya Waziri Mkuu, akasema mbele ya waandishi kuwa aliyoyafanya yalikuwa ya busara, kwani aliogopa kuwa mtoto angekosa mtu wa kumtunza, na kwamba hajutii. Waziri Mkuu naye alimtetea.

Ghadhabu ya watu ilikuwa kubwa. Naibu waziri mmoja, Douglas Ross, alijiuzulu tarehe 26 Mei, akisema hawezi kuwaambia raia zake walioshindwa kuwaaga wagonjwa wao kuwa wao ndio waliokosea. Polisi wa Durham walisema tarehe 28 Mei kuwa safari ya kwanza haikuwa kosa kisharia, na ya pili huenda ilikuwa kosa dogo, wala hawakumchukulia hatua. Lakini uchunguzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwezi wa Agosti ulionyesha kuwa imani ya watu wa Uingereza kwa serikali yao ilishuka baada ya siku zile.

Huenda mtu akauliza: ikiwa kosa lilikuwa dogo, kwa nini watu walighadhibika hivyo? Jawabu ni kuwa watu hawakughadhibishwa na safari yenyewe. Walighadhibishwa na kuona kuwa udhuru uliokataliwa kwao umekubaliwa kwa mkubwa. Mama wangapi wagonjwa, nao wana watoto wadogo, walistahamili ndani ya vyumba vyao kwa kuwa waliambiwa wastahamili? Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Mtume wetu (S.A.W.) ametueleza kuwa waliokuwa kabla yetu waliangamia kwa sababu akiiba mtukufu wao humwacha, na akiiba mnyonge humwadhibu, kisha akaapa kuwa hata bintiye Fatima hangesamehewa hukumu hiyo.

Tena mtazameni Sayyidna Umar (R.A.). Tauni ya Amwas ilipoingia Sham, alimwandikia Abu Ubayda, aliyekuwa jemadari wa jeshi kule, amwite kwake kwa haja, na haja ilikuwa kumwokoa. Basi moyo wa kumwokoa umpendaye si kosa, nasi hatumlaumu baba kwa kumwogopea mwanawe. Lakini Abu Ubayda aliyafahamu makusudio, akataka udhuru, kwani hakupenda kujitafutia salama peke yake na kuwaacha askari wake. Akafa pamoja nao mwaka wa 18 wa Hijra. Ukubwa ni huo. Na imepokewa kuwa Umar alipowakataza watu jambo, huwakusanya jamaa zake kwanza, akawaonya kuwa atakayelifanya miongoni mwao atamwongezea adhabu.

Lakini ghadhabu nayo ina mipaka yake. Wako waliokwenda kumzomea mtu yule mlangoni kwake, nyumbani alimo mkewe na mtoto. Hilo dini yetu hailiridhii. Surat Hujurat yatuamrisha tuhakikishe khabari kabla ya kuhukumu, na yatukataza dhana mbaya na kusengenya. Mkubwa aulizwe waziwazi kwa alilolitenda, lakini mwanawe hana dhambi.

Sasa na tujitazame. Mzee wa kamati anayewahimiza watu kutoa mchango wa msikiti, je, yeye ametoa? Sheikh anayekataza israfu katika arusi, je, arusi ya binti yake ilikuwaje? Nasi tunaoandika karatasi hizi, tukiwakaripia wenzetu killa mwezi, je, wake zetu na watoto wetu wanatuona tukiyatenda tuyasemayo? Maneno haya yanatuchoma sisi kwanza.

Catherine Calderwood, mganga mkuu wa serikali ya Scotland, naye aliivunja amri aliyoitangaza mwenyewe kwa kwenda nyumba yake ya pili. Yeye aliomba radhi, akajiuzulu tarehe 5 Aprili 2020. Hakuwa Mwislamu, lakini haki ni haki popote ionekanapo. Mkosaji anayekiri huwaachia watu amri yao ikiwa nzima. Mkosaji anayejitetea huivunja mara mbili, kwani huwafundisha wote kuwa amri ni ya wanyonge.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu asitujaalie kuwa katika wale wanaowaamrisha watu mema na kujisahau nafsi zao. Amin.