Nani athibitishe kwanza: mwenye kiwanda au mwenye kudhurika?

Mchukue mfanyabiashara anayeuza bidhaa halali, inayonunuliwa kwa hiari na isiyolalamikiwa na mteja yeyote. Siku moja anajitokeza mwenye elimu, anamwambia kuwa bidhaa hiyo inawadhuru watu wasiomo kabisa katika biashara yake, wengine hata hawajazaliwa. Ushahidi anao, ila haujakamilika. Je, mfanyabiashara huyo anawajibika kuacha leo, au ana haki ya kusema: thibitisha kwanza?

Swali hili si la kufikirika. Liliwakabili wenye viwanda vya makopo ya kupuliza, haya tunayoyaita spreyi, mwaka 1974.

Makopo hayo yalianza kwa nia njema. Wataalamu wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Lyle Goodhue na William Sullivan, waliyabuni ili askari wa Vita Kuu ya Pili wajikinge na mbu wa malaria. Vita vilipokwisha, kopo likahamia bafuni na kwenye meza ya kujipambia: dawa ya nywele, manukato ya kwapa, marashi ya chumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani peke yake ilikuwa ikijaza karibu makopo bilioni 3 kwa mwaka. Katika mengi ya hayo, kilichosukuma dawa itoke kilikuwa gesi za CFC, zilizosifiwa kwa kuwa haziwaki moto na hazimdhuru mtumiaji.

Juni 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, wakaandika kuwa sifa hiyo ndiyo balaa lenyewe. Gesi isiyoharibika huku chini hupanda juu sana. Huko mionzi ya jua huivunja na kuachia klorini, na atomu moja ya klorini huweza kuteketeza molekuli za ozoni kwa maelfu. Ozoni ndiyo ngao yetu dhidi ya mionzi inayoleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Lakini hakuna aliyekuwa ameiona ikipungua. Ilikuwa hesabu tu.

Wenye viwanda wakaja juu. Mtu hahesabiwi mkosaji mpaka athibitishwe, wakasema, na ajira za maelfu hazifutwi kwa nadharia. Hoja hii ina uzito, tusidanganyane. Anayejaza makopo kiwandani naye ana watoto. Lakini tazama ilivyogeuzwa. Kinga ya mshitakiwa iliwekwa ili binadamu asionewe na mwenye nguvu. Hapa ikavishwa gesi, na mwenye nguvu ndiye aliyejificha nyuma yake, huku gharama ya kusubiri akibebeshwa mwingine. Tena gesi hizi hudumu angani miaka 50, nyingine 100. Anayengoja mpaka aone madhara kwa macho atakuwa amekwisha kuyarithisha kwa wajukuu.

Wala si wote waliongoja. Mwaka 1975 kampuni ya SC Johnson, inayotengeneza ile dawa ya wadudu ya Raid, ilitangaza kuziacha. Mwaka 1978 serikali ya Marekani ikazipiga marufuku katika makopo mengi. Je, kiwanda cha spreyi kilikufa? Hakikufa. Kilihamia gesi za butani na propani, ambazo bei yake ni ndogo kuliko CFC. Ile hasara iliyotabiriwa kwa kelele ilikwenda wapi?

Ulaya ilijivuta, hadi mwaka 1985 Mwingereza Joseph Farman na wenzake wawili walipotangaza tundu la ozoni juu ya Antaktika. Makopo yalipulizwa zaidi kaskazini, tundu likafunguka kusini kabisa. Mwaka 1987 ukaja Mkataba wa Montreal, nao ulitenganisha dharura na anasa: dawa ya pumu ya kuvuta ikaruhusiwa kubaki na CFC hadi mbadala upatikane, na nchi maskini zikapewa muda zaidi. Mwaka 2023 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa sehemu kubwa ya dunia itarudi kwenye hali ya ozoni ya mwaka 1980 ifikapo 2040 hivi, na Antaktika 2066 hivi.

Kopo lenyewe bado lina kesi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walionyesha kuwa mivuke ya kikaboni itokayo kwenye makopo nchini humo imezidi ile ya magari yake yote. Mivuke hiyo ikikutana na moshi wa magari juani huzaa ozoni ya huku chini, inayoumiza mapafu. Dunia inatumia zaidi ya makopo bilioni 25 kwa mwaka.

Kipimo cha Montreal kinatufaa hapa. Dawa ya mbu katika chumba cha bondeni wakati wa masika iko karibu na dharura. Manukato ya kwapa ya kupaka yapo duka lile lile, mara nyingi kwenye rafu ile ile na ya kupuliza. Na marashi ya chumba? Wengine watasema tuna udi, ingawa udi nao una moshi wake. Dirisha halina gesi wala moshi.