Gari Lilikuwa na Karatasi Zote, Rafiki Yangu Hakuwa na Hata Moja



Vijana wenzangu, leo sina mada kubwa. Nina jambo la kuungama, ingawa kwa Padre nimeshaliungama tayari. Naliandika hapa kwa sababu najua wengi wetu tunapanga safari za likizo, na nisingependa mtu mwingine arudi baharini na moyo niliorudi nao mimi.

Tulikuwa wanne, wote wa kwaya moja hapa Moshi. Tulichanga hela miezi kadhaa twende Diani, Kenya, siku nne tu tukaione bahari. Mjomba wangu akatuazima gari. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa safari, na kiukweli nilijipanga: kadi ya gari, barua ya mjomba ya kuturuhusu kuvuka nalo, na ile bima ya kuvukia mpaka wanayoiita COMESA. Vyumba nilishavilipia, na hela hairudishwi.

Tulipofika Himo, yule mwenzetu wa nne akasema kwa sauti ya chini, “Jamani, pasi yangu imeisha muda. Nimeiangalia jana usiku.” Alikuwa ameona aibu kutuharibia safari.

Ilikuwa Jumamosi. Tungeweza kurudi nyumbani, Jumatatu aende Uhamiaji kuomba hati ya dharura ya safari, tupoteze siku mbili na hela ya vyumba. Mimi nikasema, “Si kuna bodaboda? Pita njia ya panya, tutakukuta Taveta.” Dada aliyekuwa anaendesha akaniuliza, “Una uhakika?” Nikajibu, “Watu wanapita kila siku.” Rafiki yangu akanitazama, akashuka.

Mpaka wa Holili na Taveta ni wa kituo kimoja. Ukitoka Tanzania husimami mara mbili, unakwenda moja kwa moja upande wa Taveta, na humo humo unagongewa kutoka Tanzania kisha kuingia Kenya. Afisa alikuwa mpole tu. Akauliza, “Mko wangapi?” Nikasema, “Watatu.”

Watatu. Neno moja tu, lakini nimelibeba mpaka leo.

Tukampakia mbele ya safari. Barabara ya kwenda Voi ni nzuri, inapita Tsavo, lakini kila tulipoona polisi barabarani yule kijana alijikunja kwenye kiti kama mtoto aliyeiba sukari. Kwenye kivuko cha Likoni alivaa kofia hadi machoni. Diani mchanga ni mweupe kweli, bahari kama kioo, ila yeye alishinda chumbani. Sisi tuliogelea. Alikuwa amelipa sawa na sisi.

Jumapili tulikwenda Misa Ukunda. Wakati wa Komunyo nilibaki nimekaa. Padre alipoinua Hostia nilikumbuka mfano wa Luka 15, mchungaji mwenye kondoo mia anayewaacha tisini na tisa akamtafute mmoja. Mimi nilikuwa nao wanne tu, nikamwacha mmoja ili niokoe hela ya vyumba, na nilipoulizwa hesabu, nikamfuta kabisa.

Tuliporudi nikaenda kitubio. Nikaeleza uongo, nikaeleza sheria niliyoivunja. Padre akasikiliza hadi mwisho, halafu akauliza swali moja: “Huyo mwenzako umemwomba radhi?” Nikanyamaza. Sikuwa nimefikiria. Nilidhani kosa langu lilikuwa kwa serikali, kumbe la kwanza lilikuwa kwa mtu. Angekamatwa, mama yake angeambiwa nini? Kwamba kiongozi wa kwaya ndiye aliyemwelekeza?

Nilikwenda kwao jioni ile ile. Alisema amenisamehe. Kisha akaongeza, “Kilichoniuma siyo kupita porini. Ni kwamba hukuuliza kama naogopa.”

Ndugu yangu kijana, kupumzika siyo dhambi. Katika Marko 6:31 Yesu mwenyewe anawaita mitume wake waende mahali pa faragha wapumzike kidogo. Bahari ni kazi ya mikono ya Mungu, nenda kaione. Lakini angalia njia unayopitia, na angalia nani analipia starehe yako. Katika Yohane 10 Bwana anasema kwamba asiyeingia kwa mlango, bali akwea penginepo, huyo ni mwizi. Kisha anasema mlango ni Yeye. Sisi tuna njia zetu za panya nyingi: cheti cha kughushi ili upate kazi, “kitu kidogo” ili foleni iishe, kumtumia mwenzako halafu kumkana hadharani. Tunafika kweli, ila tunafika tumejikunja kwenye kiti.

Na kile kituo cha Taveta kimenifundisha kitu kuhusu kitubio. Huwezi kugongewa kuingia kabla hujagongewa kutoka. Wengi tunataka kuingia kwenye neema bila kutoka tulikokuwa. Tunasema dhambi haraka haraka, lakini kwa yule tuliyemuumiza hatuendi. Katika Mathayo 5:23-24 Yesu ameliweka wazi: acha sadaka yako mbele ya altare, nenda kwanza ukapatane na ndugu yako, kisha urudi.

Basi kabla ya safari yako ijayo, kagua pasi za wote, siyo yako tu. Ulizia saa za Misa ya Jumapili huko mnakokwenda. Na mmoja akikwama, kwameni wote. Hela ya vyumba itapatikana tena.

Tusali: Ee Yesu, Mlango wetu, utusamehe mara zote tulipowahesabu wenzetu pungufu. Utupe ujasiri wa kurudi nyuma pamoja kuliko kufika bila wao. Bikira Maria, Nyota ya Bahari, utuombee. Amina.

Mwaka huu tunakwenda tena. Wanne. Pasi yake mpya ameshaichukua, na safari hii yeye ndiye kiongozi.