Mbona Umesimama?

Wewe ulikuwa mkimbiaji.

Usikatae. Ulikuwa mkimbiaji ukiwa darasa la tatu, alfajiri, umande miguuni, kwenye mstari wa mchakamchaka. Mwenye sauti kali alianzisha wimbo, nanyi mkaitikia kwa midomo na kwa vishindo. Mkazunguka uwanja, mkatoka barabarani, mkawapita watu ambao bado wanapiga mswaki, mkarudi, mkashika mafagio, mkaingia darasani. Wengine pekupeku, wengine ndala mkononi. Hakuna aliyepimwa pumzi kwanza. Hakuna aliyeulizwa raba zake ni za aina gani. Mlikimbia huku mnaimba!

Leo unapanda ngazi za ghorofa ya pili, na ukifika juu unashika ukuta.

Nini kilikupata?

Usiniambie umri. Kilichokupata ni kukaa. Umekaa kwenye daladala, umekaa ofisini, umekaa dukani, umekaa mbele ya luninga, na kila mwaka umekaa zaidi ya mwaka uliopita, mpaka mwili ukadhani kukaa ndiyo kazi uliyoumbiwa. Lakini haujafa mwili huo. Umelala. Nami nimekuja kuugongea mlango.

Naijua hali hiyo kwa sababu niliishi humo. Mwaka mmoja nilikuwa Moshi siku ya Kilimanjaro Marathon, mbio ambazo tangu 2003 huujaza mji ule kila Februari inapoisha au Machi inapoanza. Nilisimama kando ya barabara inayopanda Mweka, migomba nyuma yangu, simu mkononi, nikisubiri kuwapiga picha rafiki zangu. Wenye kasi walishapita zamani. Akaja mama mmoja, umri wa mama yangu mzazi, kitambaa kichwani, fulana imelowa, anatembea hatua kadhaa, anakimbia kadhaa. Nikampigia makofi. "Shikamoo mama! Kaza, umekaribia!" Hakuwa amekaribia. Akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia miguuni hadi usoni, akasema, "Mwanangu, una miguu miwili mizima. Mbona umesimama?"

Kisha akaendelea kupanda.

Sikuwa na jibu. Miaka thelathini na kitu, sina ugonjwa, sina jeraha, na sikuwa na neno hata moja la kumjibu mwanamke aliyekuwa anakimaliza kilima kwa pumzi za kuokoteza.

Sasa nakuuliza wewe.

Mbona umesimama?

Utasema huna muda. Wiki ina dakika 10,080. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji kwa uchache dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi makali. Sabini na tano! Dakika ishirini na tano, mara tatu. Foleni ya jioni moja tu kwenda Mbagala inaweza kuzimeza zote. Na jana usiku ulimaliza ngapi ukitelezesha kidole kwenye simu, ukitazama maisha ya watu wengine? Zihesabu. Usinitajie mimi, jitajie mwenyewe. Muda unao. Umemgawia kila aliyeuomba, ukajisahau wewe.

Utasema huna viatu. Nenda Karume uchambue mitumba. Tafuta raba ambayo soli yake haijalika na kisigino chake kimesimama, iwe kubwa kidogo kuliko mguu, kwa sababu mguu huvimba ukikimbia. Vaa pale pale, rukaruka mbele ya muuzaji. Rangi isikuhangaishe.

Utasema una presha. Vizuri umesema. Kama una presha, kisukari, maumivu ya kifua, au una mimba, muone daktari kabla hujaanza. Lakini muone wiki hii! Ukilisukuma jambo hilo hadi mwakani, hapo umeshaligeuza kuwa pango la kujifichia.

Utasema joto. Joto la Dar es Salaam tunalijua sote, ndiyo maana watu wanatoka saa kumi na moja alfajiri. Utasema giza, na ukiwa mwanamke una haki kabisa ya kusema hivyo. Basi usitoke peke yako. Temeke, Ilala, Kinondoni, kuna klabu za jogingi ambazo mwisho wa wiki utazisikia kabla hujaziona, fulana za rangi moja, wanaimba vilevile kama shuleni. Ingia nyuma ya mstari. Muulize anayeongoza wanakutana wapi Jumamosi ijayo.

Umebakiza nini?

Tuambiane ukweli. Kinachokuzuia si muda, si viatu, si jua.

Ni aibu.

Unaogopa macho ya watu. Unaogopa vijana wa kijiweni watakucheka, bodaboda atapiga honi, jirani atauliza kwa sauti ya kusikika nyumba tatu, "Mama Asha, unakimbia nini?" Na zaidi ya yote, siku ya mbio zenyewe, mbele ya umati, unaogopa kuwa wa mwisho.

Wa mwisho. Haya, njoo tuliangalie neno hilo usoni.

Tarehe 20 Oktoba 1968, Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Watu 75 walianza marathoni ya Olimpiki. Mmoja wao alitoka Mbulu, jina lake John Stephen Akhwari. Hewa ya kule juu ni haba, misuli ikamkaza. Njiani, katika kugombania nafasi, akaanguka. Goti likateguka, bega likapigwa na lami. Wakamfunga bandeji. Watu 18 hawakumaliza siku ile, na hakuna aliyewalaumu. Naye angeacha, nani angemnyooshea kidole? Mamo Wolde wa Ethiopia akashinda kwa saa 2:20:26. Jua likazama. Watazamaji wakaondoka, wakabaki wachache. Zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Akhwari akaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa, akauzunguka uwanja mpaka mwisho. Saa 3:25:27. Wa 57 kati ya 57.

Wa mwisho.

Sasa niambie: nani alikuwa wa pili siku ile? Nani wa tatu? Ni Kenji Kimihara wa Japani na Mike Ryan wa New Zealand, wanaume hodari, waliovishwa medali za Olimpiki, nawe hukuwajua. Wa mwisho ndiye unayemjua. Umekua na jina lake.

Bado unaogopa kuwa wa mwisho? Wewe ambaye goti lako ni zima? Wewe ambaye nakuomba kilomita 5 tu, wala si 42 na vipande vyake?

Na ukitaka kumtazama aliyetangulia, tunaye pia. Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2:09:48, akimtangulia Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Safari ya zaidi ya saa mbili ikaamuliwa na kifua kilichofika mbele ya kingine! Tulishangilia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Lakini hesabu nami: Simbu alikuwa wa tano kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, wa tatu kwenye mashindano ya dunia ya London mwaka 2017, na dhahabu ikaja miaka 8 baadaye. Miaka 8 ya kuamka alfajiri bila shangwe zetu. Wewe ulijaribu siku ngapi ukasema haiwezekani? Siku nne? Siku moja?

Basi nisikilize.

Usisubiri kuwa tayari ndipo ujisajili. Jisajili kwanza, utayari utakukuta njiani. Ukishalipia namba, ukaiandika tarehe kwenye kalenda ukutani na kumwambia mtu mmoja mwenye mdomo, mwili utapata msimamizi. Mwanza wana Rock City Marathon. Mbeya wana Tulia Marathon. Dodoma wana NBC Dodoma Marathon. Dar es Salaam, Zanzibar, Karatu, kote watu wanakimbia, na mbio nyingi za namna hii zina kilomita 5 kwa ajili yako hasa. Tafuta iliyo mbele yako kwa miezi mitatu.

Leo. Kabla hujalala.

Halafu anza, na uanze polepole. Hapa ndipo wengi wanaanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo. Siku ya kwanza mtu anatoka nyumbani kama amefukuzwa na nyuki. Mita mia tatu, kichomi kinamkata ubavu, moyo unagonga masikioni, anarudi ameshika kiuno akisema kukimbia si kwake. Ni kwake! Kilichomshinda ni ile kasi. Wewe kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara nane. Dakika 24, rudi nyumbani ukaoge. Fanya hivyo siku tatu kwa wiki, ukiruka siku katikati ili mwili ujirekebishe. Kila ukikutana na mtu, msalimie. Ukiweza kusema "Habari za asubuhi, mzee, nyumbani hawajambo?" bila kukatika, mwendo wako ni sawasawa. Ukishindwa, punguza. Wiki ya tatu, kimbia mbili, tembea mbili. Kisha kimbia tatu, tembea moja. Siku moja utasahau kutembea, na hutaamini.

Na uangalie sana wiki ya nne au ya tano. Pumzi huzoea haraka, mifupa na kano huchelewa. Utajisikia simba, utataka kuongeza kilomita mara mbili ili kufidia miaka uliyokaa. Usifanye. Nimeona watu wenye moto mkubwa wakiishia kukandwa ugoko kwa maji ya chumvi, mbio zikawapita wakiwa kitandani. Ongeza kidogo kidogo. Huna deni la kulipa kwa siku moja.

Zitakuja asubuhi mbaya. Mvua imenyesha, shuka lina joto, usiku ulilala saa saba kwa sababu ya mtoto. Sauti itakwambia: kesho. Unaijua sauti hiyo? Ndiyo iliyokwambia kesho mwaka jana. Ndiyo iliyokwambia kesho ulipomaliza shule. Mpaka lini utaitii?

Simama. Vaa. Toka.

Kisha siku yenyewe itafika, na hiyo hakuna aliyewahi kunisimulia ikatosha. Usiku wake hulali vizuri. Unaamka kabla ya kengele. Unabana namba kifuani kwa pini nne na mikono inatetemeka, mtu mzima wewe, mwenye watoto! Uwanjani ni baridi ya alfajiri, foleni ya choo, muziki mkubwa, watu wanaruka mahali pamoja. Utakwenda nyuma kabisa ukitafuta pa kujificha, na huko nyuma utakuta nchi nzima: mwalimu mstaafu mwenye nywele nyeupe, wahasibu wawili waliotoroka ofisi, binti na baba yake, mama lishe aliyemwachia mdogo wake jiko. Hakuna anayekutazama. Kila mmoja ana hofu yake mkononi. Ile aibu iliyokufunga miaka yote, utaitafuta pale usiione.

Kilomita ya tatu itakuuma. Utaiona meza ya maji na kutaka kukaa juu yake. Kando ya barabara kutakuwa na mtoto mdogo amenyoosha kiganja umgonge. Mgonge! Nguvu itakayopanda mkononi mwako sijui inatoka wapi, lakini inapanda. Kisha kona, kisha kelele, kisha utepe wa mwisho, na mtu usiyemjua anakuvika medali shingoni. Katika mbio za namna hii, medali ya kumaliza ni ileile kwa aliyetangulia na kwa aliyefunga mstari.

Mimi nilirudi Moshi mwaka uliofuata. Kilomita 5. Nilitembea mara mbili, na nikamaliza nikilia mbele za watu bila kujifuta. Mwaka wa baadaye nilipanda Mweka kwa miguu yangu, kilomita 21, mdogo mdogo. Migomba ileile. Nilipofika pale niliposimama siku ile na simu, palikuwa na kijana amesimama, anapiga picha. Nilimtafuta yule mama kwenye umati wa watu uwanjani, sikumwona. Nilitaka tu anione.

Yupo bado, yule mama, mahali fulani barabarani, kitambaa kichwani. Huenda kesho akapita mtaani kwako.

Atakukuta dirishani?

Tega kengele saa kumi na moja kasoro. Simu iweke mbali na kitanda ili uifuate kwa miguu. Fulana iwe juu ya kiti, raba mlangoni, soksi ndani yake, ufunguo wa geti pembeni. Kukipambazuka usijadiliane na mtu yeyote, hata na wewe mwenyewe.

Inama. Funga kamba. Kulia au kushoto, barabara ni yako.