Nyumba Iliyowekwa Rehani (Nehemia 5)



Twasoma katika Nehemia sura ya 5 kilio cha watu wa Yerusalemu, jinsi walivyoweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao, wapate nafaka wakati wa njaa. Nao waliowatoza riba hawakuwa wageni, bali ndugu zao. Nehemia aliwagombeza wakuu, akawaagiza kurudisha mali pamoja na sehemu ya mia waliyotoza. Wenye elimu wengi hudhani ilitozwa kila mwezi, yaani 12 katika mia kwa mwaka. Kumbe, riba iliyowaliza watu wale haikuzidi ile ambayo wengi wetu twaitia sahihi pasipo kuisoma!

Alitujia mzee mmoja wa kanisa pamoja na mkewe, wenye huzuni nyingi. Walikopa benki shilingi 50,000,000 za kujengea nyumba, kwa riba ya 15 katika mia kwa mwaka, walipe kwa miaka 15. Kila mwezi walitoa shilingi 700,000 kasoro kidogo, wala hawakukosa hata mara moja. Baada ya miaka 2 walikuwa wamelipa karibu milioni 16.8, walipouliza salio, wakaambiwa deni limepungua milioni 2 tu na kidogo. Yule mzee akanena, “Mchungaji, wametuibia.” Nasi tulikasirika pamoja naye, tukawa tayari kumwandikia meneja barua kali. Afadhali tuliketi kwanza tukahesabu, kama Bwana wetu alivyofundisha habari za mtu atakaye kujenga mnara.

Hesabu ni hii. Riba ya mwaka hugawanywa kwa miezi 12, nayo hutozwa juu ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni shilingi 625,000. Basi katika zile 700,000, zapata 75,000 tu ndizo zinazopunguza deni. Deni likipungua, riba nayo hupungua, lakini polepole mno. Hata mwisho, watakuwa wamelipa karibu milioni 126. Hawakuibiwa, ila hakuna aliyewaeleza, nao waliona haya kuuliza. Haya hiyo imewagharimu wengi kuliko riba.

Wako wavutwao na muda mrefu. Mkopo uo huo kwa miaka 20 hupunguza malipo ya mwezi kwa shilingi 41,000 hivi, lakini jumla huongezeka kwa milioni 32. Tena yafaa kuuliza kama riba imefungwa au yaweza kugeuka, na kama yahesabiwa juu ya deni lililobaki ama juu ya mkopo wote hata mwisho. Maana 10 katika mia ya namna hii ya pili, kwa miaka 5, ni sawa na zaidi ya 17 ya namna ile ya kwanza.

Ninyi waume, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hapa Tanzania yamkataza mtu kuweka rehani nyumba ya ndoa pasipo idhini ya mwenziwe. Wako waliofanya kwa siri, na mke akapata habari kwa tangazo la mnada.

Yule mama ndiye aliyeuliza: tukiongeza kidogo, je? Tukahesabu tena. Wakilipa 800,000 kila mwezi, deni litakwisha miaka 3 na nusu na zaidi kabla ya wakati wake. Juma lililofuata walikwenda wote wawili benki, kuuliza kama mkataba wawaruhusu kulipa mapema pasipo faini.