Swichi Isiyojulikana Kazi Yake

Katika nyumba nyingi za kupanga mna swichi moja ukutani ambayo hakuna ajuaye inawasha nini. Fundi aliyeifunga hajulikani alipo, na watoto wanaichezea kila wapitapo.

Ikiwa ni kubwa, ina taa nyekundu na iko nje ya mlango wa bafu, yaelekea ni ya hita ya maji. Ikiwa jikoni, huenda ni ya jiko la umeme. Au ni ya pampu ya kisima, au ya taa ya uani iliyoungua zamani. Ili kujua, chomoa friji, zima vyombo vyote, iwashe hiyo, kisha itazame mita ya umeme ya Luku. Kitaa chake kikianza kumweka harakaharaka, kuna kitu kinakula umeme, na unalipia wewe. Kikitulia, usidhani waya hauna umeme: volti 230 zaweza kuwa kwenye ncha iliyoachwa wazi ndani ya ukuta.

Basi, nakusihi, usiifungue kwa bisibisi. Mwite fundi mwenye leseni aikague, kisha iandike kazi yake hapohapo ukutani, mpangaji atakayekufuata aikute.