Aliyefuta Doa Anadaiwa Neno

Gari langu lilikuwa jekundu. Nasema lilikuwa, kwa sababu mtu aliyeliona miaka ya karibuni angepata taabu kuitaja rangi yake. Paa na boneti vilikuwa vimepauka mfano wa tofali lililosahauliwa juani. Ubavuni, chini ya madirisha, wekundu ulikuwa bado upo. Mlango wa nyuma wa kulia nao ulikuwa na rangi ya peke yake, nyekundu iliyokolea, yenye mabaka meupe yaliyobambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Watoto wa jirani zangu hapa Kibaha waliliita Embe, nami sikuwakemea, maana kweli lilikuwa na rangi zote za embe lililopigwa na jua upande mmoja.

Nilipotimiza miaka sabini na miwili, daktari wa macho alinishauri niache kuendesha gari usiku. Nikaona ni heri niache usiku na mchana, niliuze kabla halijauzwa na warithi. Haukupita muda nikapata mnunuzi, mwalimu kijana wa shule ya msingi huko Kisarawe, binti wa mtu niliyemfundisha zamani chuoni. Alikuwa na watoto wawili wadogo, na mama yake alikuwa mgonjwa Maneromango. Alinipigia simu akasema, "Shikamoo Mwalimu. Nimesikia unauza gari. Mimi sijui magari, lakini nakujua wewe."

Msomaji mpenzi, maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniletea usumbufu wote ninaotaka kuusimulia.

Nililipeleka gari kwa fundi rangi mmoja wa hapa Kibaha, kijana mwenye mikono mizuri, ili alitengeneze lipendeze kidogo. Alichukua kitambaa cheupe, akakitia dawa ya kusugulia, akasugua mahali padogo kwenye boneti. Kitambaa kikageuka chekundu, na pale aliposugua pakang'aa kama zamani. "Hii ni rangi ya tabaka moja, mzee," akasema. "Haijafa. Imechoka juu tu."

Mimi nilifundisha sayansi kabla ya kukabidhiwa chuo, kwa hiyo nilifurahi kuona somo likifundishwa kwa kitambaa. Rangi ya gari ni chembe zenye rangi zilizoshikwa na gundi. Mionzi ya jua, hasa ile ya urujuanimno, huivunjavunja gundi ile siku baada ya siku, na chembe zikabaki huru juu ya bati kama vumbi la chaki. Ndiyo maana ukipitisha kiganja juu ya boneti la gari kuukuu, kiganja hutoka kama cha mwalimu aliyefuta ubao. Paa, boneti na buti hutangulia kupauka kwa sababu vimelala vikilitazama jua, na nyekundu huonyesha uchovu wake mapema kuliko nyeupe. Ukiliegesha gari chini ya mkorosho, kama nilivyofanya mimi kwa miaka mingi nikidhani nalihifadhi, utomvu na kinyesi cha ndege huongeza madoa yao. Tiba yake ni kuliondoa lile tabaka lililokufa mpaka ulifikie lililo hai, kisha ulilinde kwa nta. Lakini tiba hii haina ukarimu. Rangi yote ya gari ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na kila unaposugua unapunguza.

Fundi alipofika kwenye ule mlango wa nyuma, akaacha kusugua. Rangi ya pale ilikuwa ya matabaka mawili, rangi chini na vanishi juu, na vanishi ikishaanza kubambuka haisikii dawa ya kusugulia. Hapana budi ikwanguliwe yote, ipigwe msasa, ipakwe rangi ya msingi, kisha ipulizwe upya. Akagonga mlango kwa kifundo cha kidole. Haukulia kama bati. Akanitazama.

Naam, nilijua. Mwaka 2011 niligongwa ubavuni kwenye barabara ya Morogoro. Mlango ulizibwa kwa puti, na nguzo ya katikati, ile inayobeba milango yote miwili, ilipinda ikanyooshwa kwa moto. Gari lilitembea vizuri tangu siku hiyo. Lakini chuma kilichopinda na kunyooshwa kwa moto hakirudi kuwa kile cha awali, na nguzo ile ndiyo inayomkinga mtu gari likigongwa ubavuni kwa mara nyingine.

Fundi akanipa shauri lake. "Mzee, usihangaike na kusugua. Nipe laki sita nipige gari zima. Hilo baka litapotea, hakuna atakayejua, na bei itapanda kwa milioni moja." Hakusema kwa nia mbaya. Alisema kama mtu anavyomshauri bibi harusi ajipambe. Nikamwambia nitafikiri, nikarudi nyumbani nikiwa nimekwisha kushawishika nusu.

Usiku ule nilijitetea kwa hoja nyingi, na hazikuwa hoja za kijinga. Kwanza, sitasema uongo, maana hakuna aliyeniuliza habari za ajali. Pili, mnunuzi ana macho, na ana haki ya kuja na fundi wake. Tatu, ni nani auzaye shati bila kulipiga pasi? Tena wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata muuza machungwa wa Mlandizi hupanga juu yale yaliyo mazuri.

Hoja hizi zina umri mkubwa kuliko sisi. Cicero wa Roma, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anatupa mfano wa mfanyabiashara aliyepeleka nafaka katika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Njiani ameziona merikebu nyingine zenye nafaka zikija nyuma yake. Je, awaambie wenye njaa, au anyamaze auze kwa bei ya juu? Cicero anawapambanisha wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, asidanganye, na zaidi ya hapo auze kwa faida awezavyo. Antipater, mwanafunzi wake, anasema lolote alijualo muuzaji na mnunuzi alijue pia. Cicero mwenyewe anaona kwamba si kila kunyamaza ni kuficha, lakini ni kuficha pale unapotaka, kwa faida yako, mwenzako asijue jambo ambalo lingemfaa kulijua.

Ndugu zetu Waislamu nao wana habari ya Mtume Muhammad alipopita sokoni akatia mkono katika rundo la chakula, vidole vikakutana na unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua iliyonyesha. Akaulizwa kwa nini basi asingeweka kilicholowa juu ili watu wakione. Hebu tutafakari. Mtu yule hakuwa amesema uongo wowote, wala mvua haikuwa kosa lake. Kosa lilikuwa katika mpangilio wa rundo.

Hata hivyo, si Cicero wala mtu wa sokoni aliyeninyima usingizi. Ni barua.

Mwaka 1996, nikiwa mkuu wa chuo, niliandika barua ya kumtambulisha kijana mmoja aliyekuwa amemaliza mafunzo. Alikuwa na kipaji cha kufundisha hesabu ambacho sijakiona kwa wengi. Alikuwa pia na ugonjwa wa pombe, na mara mbili tulimkosa wiki nzima. Nilimhurumia. Niliandika kwamba ni mwalimu mwenye uwezo mkubwa, anayependa wanafunzi, na kila neno lilikuwa kweli. Mengine nikayapaka rangi kwa kunyamaza. Alipelekwa shule ya kijijini iliyokuwa na walimu wachache, na darasa la saba la mwaka ule lilikwenda kwenye mtihani likiwa limekosa hesabu kwa miezi mingi. Baadaye mwalimu mkuu wa shule ile alikuja chuoni kwa shughuli nyingine. Tulipoagana alinishika mkono akasema kwa upole, "Mwalimu, barua yako ilikuwa nzuri sana." Hakuongeza neno. Nimekuwa nikimsikia kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano.

Wapo watakaosema kwamba mtu si gari, na aliyekosea ana haki ya kuanza upya bila kubeba madoa yake kila aendako. Ni kweli, nami nakubali. Kosa lililokwisha kupona halina haja ya kutangazwa, na anayelifukua anafanya uchokozi. Lakini la kijana yule lilikuwa halijapona. Lau ningeandika kwamba ana shida hii, anapigana nayo, mkaeni naye karibu hasa siku za mshahara, huenda mwalimu mkuu yule angemsaidia. Kunyamaza kwangu hakukuwaumiza watoto peke yao. Kulimnyima yeye pia msaada, kwa sababu nani atamshika mkono mtu ambaye haonekani kuwa anaanguka?

Kutokana na barua ile na mlango ule nimejitungia kanuni ndogo, nayo ni hii: aliyefuta doa anadaiwa neno. Doa ni swali. Mnunuzi anapoona mlango una rangi tofauti na gari zima, hata kama hajui magari, atauliza, "Hapa palikuwaje?" Nikilifuta baka lile nimemnyang'anya swali lake, na aliyenyang'anya swali hana budi kutoa jibu bila kuulizwa. Asipotoa, asijitetee kwamba hakuulizwa, kwani yeye ndiye aliyeziba mdomo wa kuuliza. Kwa hiyo kung'arisha si dhambi. Kupauka kwa boneti kulisema jambo moja tu, kwamba gari limekaa juani, na hilo hata likisuguliwa linajulikana kwa umri wake. Baka la mlangoni lilisema jambo lililokuwa bado hai ndani ya chuma. Tofauti haimo katika kiasi cha rangi, imo katika kile ambacho doa linashuhudia.

Asubuhi nilimwambia fundi asugue boneti, paa na mbavu, apake nta, na mlango auache ulivyo. Alicheka. "Litakuwa kama mtu aliyevaa suti na kandambili, mzee." Mama watoto hakucheka. Alikuwa anaingojea milioni ile kwa ajili ya mabati ya banda la kuku, akaniambia kwamba ukweli wangu hauezeki nyumba. Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sina.

Jumamosi nililipeleka gari Kisarawe, mchana kweupe. Niliteremka na barabara ya Morogoro, nikaingia jijini, nikapanda kwa Gongo la Mboto na Pugu. Katika vilima vile umo udongo mweupe wa kaolini, ambao ulimwenguni hutumika kutengenezea vyombo vya kauri, karatasi, na hata kuijaza rangi. Nikawaza kwamba udongo hauna hatia. Utakuwa kikombe au utakuwa kificho, kwa kadiri ya mkono unaoufinyanga.

Binti yule alinipokea, akalizunguka gari, akasimama penye mlango. "Mwalimu, hapa palikuwaje?" Nilitoa mfukoni sumaku niliyokuwa nikifundishia zamani. Niliiweka kwenye mlango wa mbele, ikashika. Niliiweka kwenye baka, ikaanguka. Mwanawe mkubwa akaomba ajaribu, na kwa dakika kumi tulikuwa tena darasani. Kisha nikamweleza ajali yote, nguzo na moto wake, nikamwambia watoto wakae upande wa kushoto, na kwamba akiona gari halimfai sitakuwa na kinyongo.

Alinyamaza kitambo. Bei niliyomtajia kwenye simu ilikuwa milioni tatu na nusu. Akasema atatoa milioni tatu, na kwamba atatafuta mlango na nguzo kutoka gari bovu la aina ile ile, afundi wavikate na kuvichomelea upya. Nikakubali. Kisha akauliza, "Na injini?" Nikasema, "Injini ni nzima." Hakulifungua boneti. Alikwenda ndani kuleta fedha.

Nilirudi Kibaha kwa basi, nikiwa na laki tano pungufu ya bei yangu mwenyewe, na milioni moja na nusu pungufu ya ndoto ya fundi. Sijidai kuwa mtu mwema. Mwema asingehitaji kukesha. Ila nimefikiri tangu siku ile juu ya boneti ambalo halikufunguliwa. Neno langu juu ya injini liliaminiwa kwa sababu ya neno langu juu ya mlango. Wahenga walituonya juu ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwalimu mkuu yule wa zamani, aliyeisoma barua yangu nzuri, hakupata bahati ya kuuona mlango.